Mipapai Madume Tisa

Mwaka wa hamsini na moja Mwananyamala ilikuwa bado na minazi mingi kuliko mapaa ya nyumba, na mbele ya kibanda cha Mwinjuma muuza kahawa palikuwa na gogo la mnazi lililolainishwa na makalio ya watu. Wenyewe walipaita Mahakamani. Kila siku baada ya sala ya alasiri kesi zote za mtaa zilisikilizwa hapo: nani kaiba kuku, nani hasemi na jirani yake, na kwa nini serikali inapima barabara ambayo haijengi. Mwinjuma hukaa na dele lake la kahawa juu ya jiko la makaa, vikombe ndani ya bakuli la maji, sinia la kashata pembeni. Mwanzo wa gogo hukaa Jamali fundi cherehani, jina lake Redio, maana habari kwake huingia kibaba ikatoka pishi. Katikati hukaa Leonardi, mtu wa Songea, karani wa forodhani, na gazeti lake alilokwisha kulisoma. Mwisho wa gogo ni mahali pa mzee Mwishehe, na siku hiyo kesi ilikuwa yake.

Mwishehe alikuwa amepima mbata, nazi zilizokaushwa, kwa miaka ishirini na miwili katika ghala moja karibu na bandari. Watu walimletea mbata zilizolowekwa maji ziwe nzito, magunia yenye mawe tumboni, magunia yenye mchanga pembeni. Kazi ile ilimfundisha jambo moja: mzani ukilala, tafuta mkono wa mtu. Alipoacha kazi mzani ulibaki ghalani, lakini yale mazoea alirudi nayo nyumbani. Chumvi ikipungua koponi, anauliza nani kaingia jikoni. Na jikoni mle hakuna anayeingia ila binti yake, Zuena, ambaye amekaa naye peke yake tangu mama mtu afariki.

— Tisa, alisema Mwishehe, akakishika kikombe bila kunywa. Tisa kati ya kumi na mbili.

— Tisa nini, mzee? aliuliza Leonardi.

— Madume.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanaheri, mjane wa mtaa wa pili, alikuwa na mpapai karibu na kisima chake uliotoa mapapai matamu mpaka watu wakawa wanagonga mlango kuomba mbegu. Akachukua papai moja, akazipanda mbegu zake kwenye vifuu vya nazi, na miche ilipofika shibiri akaigawa: nyumba tisa, kila nyumba miche kumi na miwili, na kumi na miwili akabaki nayo mwenyewe. Mwishehe alipata fungu lake. Akachimba mashimo, akatia samadi, akamwagia maji miezi saba. Wiki ile mipapai ilianza kutoa maua. Mitatu ilitoa maua manene yaliyobana shinani mwa majani, maua ya jike, yenye papai ndani yake. Tisa ikaning'iniza vikonyo virefu vyembamba vyenye maua madogo madogo, kama ndevu za mbuzi. Madume. Mti wa hivyo hauzai, ni wa kutazama tu.

— Na kwake mwenyewe Mwanaheri? aliuliza Mwinjuma.

Jamali alikuwa ameshapita kuchungulia uani.

— Majike manane. Madume manne tu. Nimehesabu mara mbili.

Kila mtu alijua kwamba Mwanaheri si jirani tu. Mwanawe Kondo, seremala, alikuwa ameleta posa kwa Zuena, na posa ilikwisha pokelewa.

— Mie nimesema sisemi, alisema Jamali, lakini kuna watu wanaijua miche. Bibi yangu kule Kawe alikuwa anang'oa mche anautazama mzizi. Mzizi ukinyooka, dume. Ukipinda, jike. Anakuchagulia anachotaka.

— Kwetu Songea, alisema Leonardi, wanasema mpapai ukipandwa na mwanamume unatoka dume.

— Basi pale misheni mapadri wasingekula papai, alisema Mwinjuma. Wanapanda wenyewe. Mie nasema ile mipapai ilikuwa jike, ikageuka. Mti una haya. Umeuchukua kwa mwenyewe, umeuleta kwa mtu anayeukagua asubuhi na jioni kama askari wa gereza. Unafanyaje? Unageuka.

— Haikugeuka, alisema Mwishehe. Imechaguliwa.

— Tena tazama hiyo hesabu, alisema Jamali akisogea. Tisa. Mimba miezi mingapi? Tisa. Nani anaozwa? Zuena. Amepewa baba yake miti tisa isiyozaa. Jumlisha wewe mwenyewe.

— Unataka kusema nini?

— Sisemi. Nasema tu, mtu akitaka mkwewe asizae ili mwanawe aoe wa pili, angeanzia wapi?

Mwinjuma alimwambia Jamali ameze mate, lakini neno lilikuwa limekwisha toka. Mwishehe alikiweka kikombe chini.

— Ijumaa narudisha posa, alisema.

Wakati huo ndipo alipofika Kasiani. Alikuwa mgeni, ana mwezi mmoja mtaani, mpangaji kwa mama mmoja nyuma ya msikiti. Kijana wa Uluguru, kaptura ya kaki, baiskeli, msaidizi wa bwana shamba. Aliegemeza baiskeli kwenye mnazi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, walijibu, wakanyamaza kama watu waliokutwa na funguo si zao.

Lakini Redio hazimiki. Jamali akamweleza yote, pamoja na ya bibi yake wa Kawe. Kasiani alikunywa kahawa mpaka mwisho wa hadithi.

— Mzee, alisema, mche wa mpapai haujulikani dume au jike mpaka utoe ua. Hata sisi idarani hatujui.

— Serikali kutokujua si Mwanaheri kutokujua, alisema Mwishehe.

— Sawa. Ila naweza kukuambia inavyokwenda. Kila mbegu ya papai ina mama na baba. Mama ni ule mti wenye tunda. Huyo hana kingine cha kumpa mtoto ila ujike. Baba ni dume fulani la karibu, unga wa maua yake umeletwa na wadudu au upepo. Dume amebeba vyote viwili, udume na ujike, ila wa kwake mwenyewe unaoonekana ni udume. Sasa kila chembe ya unga huo inabeba kimoja tu. Mbegu ikiangukiwa na chembe ya ujike, inatoka jike. Ikiangukiwa na ya udume, inatoka dume. Nusu kwa nusu.

— Nusu ya kumi na mbili ni sita, alisema Mwishehe. Mie nina tisa. Hao watatu kawaongeza nani?

— Hakuna aliyeongeza. Una shilingi?

Kijana akaitoa yake mfukoni, akaionyesha: upande huu kichwa cha mfalme, upande huu simba.

— Mfalme tuseme dume. Simba tuseme jike.

— Simba huyo ana nywele shingoni, alisema Leonardi. Dume huyo.

— Tuseme tu, mzee. Rusheni mara kumi na mbili. Kila mara moja ni mche mmoja.

Mwinjuma akachukua kaa jeusi jikoni ili waandike ukutani. Jamali akarusha: wafalme saba. Leonardi: watano. Mwinjuma: sita. Kasiani: wanne. Mwishehe alikuwa akiutazama mkono wa kila mmoja, jinsi kidole gumba kinavyoruka, jinsi shilingi inavyotua vumbini. Zamu yake alikataa shilingi ya Kasiani. Akatoa ya kwake kwenye pindo la msuli, akaipima kiganjani, akairusha. Wanane. Wakarudia wote. Watano, sita, wanne, saba, sita. Mzunguko wa tatu, mkononi mwa Mwinjuma, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, shilingi ikaonyesha mfalme mara tisa.

— Haya! alisema Kasiani. Nani kamchagulia Mwinjuma?

— Ameikunja, alisema Mwishehe. Nimeuona mkono.

— Wallahi sikuikunja, alisema Mwinjuma. Hata kurusha sijui.

— Mzee, mistari iko ukutani. Watu kumi na wanne wakirusha hivi, au kumi na watano, usishangae mmoja wao akipata tisa au zaidi. Bibi kagawa mafungu kumi ukihesabu na lake. Kuna mtu angeweza kuangukiwa. Umeangukiwa wewe.

Jamali alikuwa amekunja uso.

— Mie naomba kuuliza. Kwa nini serikali inamsomesha mtu habari za dume na jike la papai? Wana faida gani?

— Kodi, alisema Leonardi bila kuinua macho. Leo wanahesabu madume. Kesho kila jike lina senti zake.

— Sikuja na daftari, wazee, alisema Kasiani. Lakini nataka kusema neno ambalo mkiona si kweli mnifukuze hapa. Sijaingia ua wa mtu yeyote kati ya hao. Miche yote ni mia na ishirini. Nasema madume yake yatakuwa karibu na sitini. Yakiwa chini ya arobaini na tano, au yakipita sabini na tano, mimi mwenyewe nitasema hapa pana hila.

Akachukua kaa, akaandika ukutani: 60.

Usiku ule Mwishehe hakumweleza Zuena kitu. Alimwona akimsogezea sahani, akamwona akichungulia kama maji ya kunawa yametosha, akasikia lile neno la Jamali likimrudia sikioni. Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Jamali.

— Twende tukahesabu. Sitaki kuletewa habari.

Walizunguka nyumba zote kumi, Mwishehe, Jamali na Kasiani. Waliingia kila ua kwa hodi, na kila ua walitazamwa vibaya, kwa maana watu watatu wanaotazama juu ya mipapai yako asubuhi na mmoja wao amevaa kaki, hawana heri. Mama mmoja aliwaambia mumewe hayupo na mipapai si yake. Mwishehe alishika kila mti kwa mkono, akainua kichwa, akasema mwenyewe: dume, jike, jike. Sita. Tano. Saba. Sita. Kwa Mwanaheri hakutaka kuingia. Alisimama nje ya uzio, akahesabu kutoka hapo, na Mwanaheri aliyekuwa anachota maji alimwona akamsalimu, naye akaitikia akitazama miti. Manne, kama alivyosema Jamali.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Leonardi. Mwenyewe alikuwa kazini forodhani. Mipapai yake ilijipanga nyuma ya jiko, minene, mingi ikiwa na maua manene yaliyobana shinani mwa majani. Kasiani alihesabu. Jamali akahesabu. Mwishehe akahesabu.

Madume matatu. Majike tisa.

— Kumbe, alisema Jamali. Na jana kakaa pale kimya.

Alasiri ile Mahakamani palijaa hadi watu wa kusimama. Kasiani alijumlisha ukutani kwa kaa, mbele ya wote. Tisa ya Mwishehe, nne, sita, tano, saba, sita, tatu ya Leonardi, saba, sita, tano. Hamsini na nane. Akachora mstari kutoka kwenye 58 hadi kwenye 60 ya jana, akarudisha kaa jikoni, akanawa mkono. Mwinjuma alipiga kofi la paja. Hata Leonardi alikunja gazeti.

— Sasa posa inabaki? alisema Mwinjuma.

Mwishehe alikuwa ameutazama ule ukuta kwa muda. Hakuwa mjinga. Namba zilikuwa chakula chake miaka yote ile.

— Kijana, alisema taratibu, hesabu yako ni safi. Lakini haijamtoa mtu hatiani. Gunia zima linaweza kuwa na uzito wake sawasawa, na bado aliyegawa akawa amempa mmoja punje na mwingine makapi. Jumla ni nusu kwa nusu, nimekubali. Nani kagawa madume yaje kwangu?

Kasiani alijifuta mkono kwenye kaptura.

— Hapo umesema kweli, mzee, alisema. Jumla peke yake haiwezi kumwona mtu mkono wake. Ila lazima awe aliyajua madume yakiwa miche. Na kama aliyajua, kwa nini amebaki na madume manne uani kwake? Miezi saba anayachotea maji kisimani!

— Kuficha, alisema Jamali papo hapo. Angebaki na majike matupu angejulikana.

— Na Leonardi? Kapewa majike tisa kwa lipi?

— Hilo ndilo la kujiuliza, alisema Jamali, akamgeukia Leonardi. Karani, umemfanyia nini yule mama?

— Mie? Sijamfanyia kitu. Nilimsomea barua moja ya nduguye wa Lindi.

— Ahaa!

— Barua moja tu!

— Ilisemaje?

— Ilisema wote wazima!

— Wazima, alisema Jamali, akiwatazama wengine. Karani kasoma barua, kapata majike tisa. Mzee kapokea posa, kapata madume tisa. Nyie hamwoni?

Mwishehe aliona. Aliona jinsi lile jambo lilivyokuwa likijifunga lenyewe, kila ushahidi wa kulifungua ukigeuka uzi mwingine, na kwa mara ya kwanza lilimchosha. Lakini hakuwa na pa kulishikia alitupe. Akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua:

— Ijumaa ni keshokutwa.

— Asalaam aleikum.

Watu wa kusimama walipisha. Wanawake hawakuwa na desturi ya kuja pale, hupita tu upande wa pili wa njia. Mwanaheri alikuwa amesimama mbele ya gogo, kanga kichwani, ndoo tupu mkononi, kama mtu aliyekuwa anakwenda kwingine akabadili shauri. Alisoma ule ukuta mweusi wa kaa, au alijifanya anausoma.

— Waaleikum salaam, Mama Kondo, alisema Mwinjuma, akainuka.

— Kaa, Mwinjuma, sikuja kunywa. Baba Zuena, nimesikia nimekufanyia hila.

Mwishehe alivuta pindo la msuli.

— Ile miche nilikuwa nainua miwili miwili natia kwenye ungo. Ungo ukijaa, mtu anachukua. Wewe ulikuja mwenyewe, ukakuta nyungo mbili zimejaa, ukasema hutaki ungo wa juu ya baraza, unataka wa chini. Unakumbuka?

Alikumbuka. Alikuwa ameushuku ule wa juu.

— Wa juu aliuchukua huyu, alisema Mwanaheri, akamwonyesha Leonardi kwa kidevu. Wala sikusema kitu. Sasa nina swali moja tu, niende zangu. Baba Zuena kapata madume tisa, mtaa mzima umetoka kuhesabu. Huyu kapata majike tisa. Nani kati yenu alikuja kuniuliza kwa nini?

Jamali alitazama sinia la kashata. Leonardi alifungua gazeti, akalifunga. Kasiani, mwenye majibu yote ya jana, alikuwa akitazama kiatu chake. Mwinjuma aliinamisha dele juu ya kikombe ili kupata cha kufanya, na dele lilitoa matone mawili likaishia hapo.

— Ukirudisha posa, Baba Zuena, alisema Mwanaheri, irudishe kwa ajili ya Kondo. Kama ana kasoro, niambie nimkanye. Usiuweke mpapai mbele.

Akaichukua njia yake, ndoo ikimgonga mguuni.

Mwishehe alisimama bila kuaga, akamfuata. Kwa umri wake alikuwa mzito, akamfikia karibu na uzio wa msikiti.

— Mama Kondo.

Alisimama.

— Kondo hana kasoro, alisema Mwishehe.

— Basi?

Alitafuta neno. Miaka ishirini na miwili alikuwa amewaambia watu wengine magunia yao yana upungufu gani, lakini la kwake halikuwa na namba.

— Akiondoka Zuena, alisema mwishowe, nyumbani kwangu hakuna atakayeniuliza kama maji yametosha.

Mwanaheri alimtazama. Hakucheka wala hakumhurumia. Na yeye alikuwa amezika mume.

— Umekuwa unatafuta mtu wa kumlaumu, alisema.

— Huenda.

— Mie ukinilaumu mbele ya watu, na mie nitakujibu mbele ya watu. Ndivyo nilivyo. Utaniweza?

— Nitajaribu.

Nyuma yao, Mahakamani, sauti ya Jamali ilianza kupanda tena. Bila shaka alikuwa na maelezo mapya kuhusu ungo wa chini.

— Waambie wazee wenu waje Ijumaa, alisema Mwishehe.

— Waje kuchukua posa yao?

— Waje kupanga siku.

Mwanaheri alihamisha ndoo mkono wa pili.

— Waje asubuhi au mchana?

— Waje mchana, alisema Mwishehe. Asubuhi nitakuwa nakata mipapai.